Luvanda na Mtungi wa Oksijeni

"Aitaye mwenzake hajashindwa." Mmeisikia kwa wahudumu pale stoo, mkadhani ni maneno ya wavivu. Sogeeni basi, nyie wenye migongo mipya. Methali hii ilianza hivi.

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Mitungi ya oksijeni ilitoka stoo, kule bondeni, na toroli ilikuwa imevunjika gurudumu. Mhudumu aliyeomba msaada wa kuupandisha mtungi tulimwita Mikono ya Uji. Mimi mwenyewe nilicheka, tena sana. Leo naona haya. Mhudumu mwenzao, Luvanda, hakuitwa hivyo hata siku moja. Aliubeba peke yake, begani.

Asubuhi moja mgongo ukamteguka katikati ya mwinuko. Akautua mtungi, akapumua, akaubeba tena. Hakumwambia mtu, si daktari, wala mkewe Atupele, aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto huyo walikuwa wamemsubiri miaka tisa.

Atupele akajifungua salama, binti. Nikamfunika vizuri, nikampelekea baba yake.

"Haya, mpokee mwanao."

Luvanda akarudi nyuma. "Mlaze tu hapo, sista. Nitamtazama."

Atupele akageukia ukutani. "Miaka tisa," akasema. "Kumbe ulitaka wa kiume."

Hapo Luvanda akalia. Akafungua shati: kiuno amekikaza kwa kanga, mizunguko mitatu.

"Nikimpokea nitamwangusha, mke wangu. Mgongo umeharibika. Niliogopa kuchekwa."

Atupele akamgeukia. "Mimi leo nimeita watu watatu wanishike nimzae huyu. Nimeshindwa?"

Mumewe akatikisa kichwa.

"Basi na wewe ita."

Luvanda akanigeukia. "Sista, naomba unisaidie kumshika mwanangu."

Tukamkalisha na mto mgongoni. Nikaweka mikono yangu chini ya yake, akampakata binti yake, machozi yakimdondoka kwenye shuka. Na mimi nililia, sifichi.

Kesho yake Luvanda aliwaita wenzake, wakashuka stoo watu wanne kwa mtungi mmoja. Mgongo wa Luvanda haukurudi kama zamani, nisiwadanganye, alihamishiwa mapokezi. Lakini kila alipomwona mtu anasita kuomba mkono, alimwita kando, akamwambia polepole: aitaye mwenzake hajashindwa.