Mbegu Zilizoliwa na Mtafiti

Hapo zamani, zamani hii hii ya simu mkononi na mtandao juu ya kichuguu, mafuriko yalifagia mpunga wote wa kijiji cha Kipoka. Likabaki debe moja la mbegu, mali ya kijiji. Alikabidhiwa Somoe alitunze, kwa kuwa jiko lake lilikuwa na moshi wa kufukuza hata wakwe, seuze wadudu.

Akaja mtafiti, Eliakimu, kijana wa miwani na makaratasi. Alitumwa kuchunguza maisha ya wavuvi na wakulima. Kwa nini, hakusema. Mbonde, mume wa Somoe, akamdaka njiani, akamleta nyumbani na kumwita mkewe.

"Mama Ngwali! Tuna mgeni. Pika wali!"

Wali upi? Somoe alimtazama mumewe, mumewe akatazama paa. Basi akatwanga mbegu huku analia, akasingizia moshi.

"Mnakula mara ngapi kwa siku?" mgeni akauliza.

"Mara tatu," akajibu Mbonde. "Ya nne tunawaachia kuku."

"Na samaki?"

"Samaki? Tunawafukuza!"

Asubuhi ile Mbonde alikuwa amevua kambale mmoja, ndevu nyingi kuliko nyama. Somoe alitamani kusema, lakini utamuumbuaje mume mbele ya mgeni? Akaongeza kuni jikoni.

Mgeni akala, mgeni akaandika. Majirani nao wakaja kumsaidia kula, wala hawakuuliza wali umetoka wapi. Siku ya saba debe likawa tupu, mgeni akavuka mto kwenda kwa watu wa ng'ambo. Wale walimpa uji wa muhogo usio na sukari, na siku ya tatu wakampa jembe.

Baada ya miezi miwili akarudi kusoma matokeo mkutanoni. Kumbe shirika lililomtuma lilikuwa na lori moja la mbegu, la kijiji chenye shida zaidi.

"Ng'ambo wana njaa," akasoma. "Kipoka mna ziada. Lori limeshakwenda ng'ambo."

Somoe akasimama.

"Ziada uliyoila, mwanangu, ndiyo mbegu yetu."

Pakawaka moto. Zilibaki siku nne mvua za kupandia zianze. Mwenyekiti wa kijiji akaleta kapu tupu: mtu mmoja avuke, akapige magoti kwa watu wa ng'ambo, wale wale ambao Kipoka huwacheka kwa kula muhogo, aombe mbegu.

"Si mimi," akasema Mbonde. "Mimi nilisema wali. Nani alinisikia nikisema mbegu? Tena niliwafichia aibu yenu wote!"

"Si mimi," akasema Eliakimu. "Nilipima nilichokiona. Ningetaja lori, mngenidanganya."

"Na hukulitaja, tukakudanganya vilevile!" akafoka Somoe. "Siku saba ulikula, hukuchungulia hata shamba. Na wewe, Baba Ngwali, uliniamuru mbele ya mgeni. Nikupikie nini, mafuriko?"

"Lakini debe ulikabidhiwa nani?" akauliza Mbonde.

Majirani, waliokula wakajilamba vidole, walikuwa wa kwanza kumwonyesha Somoe kapu.

Kapu ni moja, na mawingu hayo yanakusanyika. Haya, ninyi mnaotafuna karanga zangu na kujifanya mahakimu: kapu abebe nani?