Ndoo Moja, Vichwa Vitatu

Wakubwa kwa wadogo, sogeeni. Hadithi hii nitawapa yote isipokuwa mwisho wake. Mwisho mtautoa nyinyi, na atakayenijibu harakaharaka nitajua hakunisikiliza.

Kuna kijiwe kisicho na benchi wala birika la kahawa. Kiko ndani ya simu. Kinaitwa Kijiwe cha Vitofali, na wanaobarizi hapo ni watu wanaotengeneza michezo bila kuandika lugha ya kompyuta hata mstari mmoja. Wao wanaburuta vitofali vya rangi. Cha bluu kinasogeza picha, cha njano kinaiambia isubiri, cha kijani kinapiga hesabu. Unabandika kimoja chini ya kingine mpaka picha inaanza kuishi. Ukipanga vibaya, inagoma.

Kijiwe hicho kina mila mbili. Ya kwanza, kazi ya mwenzio ruksa kuichukua na kuiendeleza, mradi umtaje. Ya pili, ukikuta vitofali vimelala pembeni bila kuunganishwa, usivitupe. Vinaitwa akiba. Havifanyi kazi yoyote, lakini aliyeviacha ana sababu yake, kwa hiyo unamuuliza kwanza.

Ishikeni hiyo mila ya pili. Tutaihitaji.

Sikudhani wa Masasi alijaliwa jicho. Huchora kwa kidole kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na akichora mbuzi, unajua papo hapo kwamba huyu ni mbuzi mwizi. Shule aliiacha mama yake alipopooza upande mmoja, kwa sababu nyumbani hapakuwa na mwingine wa kumwogesha na kumchotea maji.

Gwakisa wa Tukuyu alijaliwa kichwa cha hesabu. Mpe kitu kilichosimama, atakuambia kitaangukia wapi. Shule aliiacha baba yake alipofariki, akapelekwa kuziba pancha kwenye gereji ya mjomba. Hapendi fujo hata kidogo. Spana zake zimepangwa kwa ukubwa, na vitofali vyake vimenyooka kama wanafunzi mstarini mbele ya mwalimu mkuu.

Nyamizi wa Nzega alijaliwa subira. Hajui kuchora, na kubuni mchezo wake mwenyewe hawezi. Lakini mchezo wa mtu ukigoma, Nyamizi huupitia kitofali kwa kitofali, kama anayechambua mchele, mpaka jiwe lipatikane. Kijiweni wanamwita Mchambuzi. Shule aliiacha baba yake alipohama na ng'ombe kufuata malisho. Ng'ombe walifika, shule ikabaki nyuma.

Watatu hawa hawajawahi kuonana uso kwa uso. Na tafadhali, msianze kuniuliza nani ana shida kuliko mwenzake. Shida si mashindano, ingawa wapo watu waliozigeuza mashindano. Nitawafikia.

Basi likatoka tangazo. Mchezo utakaoshinda utampa mtengenezaji wake nafasi ya kusoma mwaka mzima kwenye chuo cha kompyuta Morogoro, kula na kulala humo humo, bila kuulizwa cheti cha shule.

Bila kuulizwa cheti! Mtu ambaye hajawahi kufungiwa mlango kwa kukosa cheti hawezi kujua maneno hayo yana utamu gani. Kijiwe kizima kilinyamaza siku hiyo. Kila mtu alikuwa anatengeneza.

Sikudhani alichora msichana mwenye ndoo kichwani. Akachora njia yake kutoka bombani: dimbwi, watoto wanaoendesha tairi, yule mbuzi mwizi, halafu mlango, na nyuma ya mlango mama aliyelala kitandani. Kazi ya mchezaji ni kuifikisha ndoo nyumbani. Hakuna aliyewahi kuwaza mchezo wa namna hiyo. Ila msichana alikwenda kama sanduku linalovutwa kwa kamba, na maji hayakutikisika. Sikudhani akaandika, "Mimi nimefika hapa. Mwenye mkono aendeleze." Pembeni aliacha akiba kidogo. Kisha akapotea kijiweni, hata salamu hajibu.

Gwakisa akauchukua. Akajitwika ndoo ya maji akazunguka nayo uani kwa mjomba, mafundi wakimzomea, "Gwakisa, umeolewa lini?" Akalowa, akajaza tena, akalowa tena, mpaka akagundua jambo. Maji hayamwagiki ukiyumba. Yanamwagika ukijirekebisha kwa pupa. Akalipanga jambo hilo kwenye vitofali. Sasa ukiinamisha simu, msichana anayumba, na ukiirudisha kwa haraka, maji yanamwagika. Watu walipiga kelele majumbani mwao. Wengine waliinamisha simu mpaka na shingo. Naye, kwa kupenda usafi, akavikuta vile vitofali vya pembeni, akasema, "Hizi takataka za nani?" Akavifuta bila kuuliza.

Kumbe hapo ndipo mchezo ulipokufa. Mchezaji alivuka dimbwi, akamkwepa mbuzi, akafika mlangoni na ndoo yake, na mlango haukufunguka. Msichana alibaki amesimama na mzigo kichwani, milele. Gwakisa alibadilisha hiki na kile, wapi! Siku ya kufunga shindano ikawadia.

Nyamizi akaingia. Akapitia kila kitofali, hakuona kosa. Akarudia, hakuona. Mwishowe akajisemea kwamba jiwe haliko kwenye kilichopo, liko kwenye kisichokuwepo. Akafungua nakala ya kwanza kabisa ya Sikudhani, maana kijiwe huhifadhi nakala za nyuma, akaikuta ile akiba. Ilikuwa ni mama. Mama anainua kichwa, anasema "Karibu mwanangu," anakunywa. Mlango ulikuwa umeamriwa usifunguke mpaka sauti ya mama isikike, na mama alikuwa amefutwa. Sikudhani alimwacha pembeni kwa sababu hesabu ya maji yaliyobaki ilikuwa bado haijatengenezwa, na asingeweza kujua mama anywe vikombe vingapi. Nyamizi akaunganisha hesabu ya Gwakisa na mama wa Sikudhani. Mlango ukafunguka. Mama akanywa. Nyamizi akabonyeza kitufe cha kuchapisha wakati shindano linafungwa.

Kijiwe huweka juu jina moja tu, la aliyebonyeza. Nyamizi aliwataja wenzake chini, kama mila inavyotaka. Mchezo ukashinda.

Sasa nimewafikia wale watu, wenye shindano. Walimpigia simu Kaka Shemdoe, msimamizi wa kijiwe, wakasema wanataka jina.

"Majina matatu, wakubwa," Shemdoe akasema.

"Kitanda ni kimoja, kijana."

"Wasome kwa zamu basi, kila mmoja miezi yake."

"Jina moja, kufikia Ijumaa jioni. La sivyo nafasi inakwenda kwa mshindi wa pili."

Na mshindi wa pili, wapendwa, ni mtoto anayesoma shule yenye chumba kizima cha kompyuta na feni juu. Sina ugomvi naye. Nina ugomvi na watu wanaotangaza mlango kwa walioachwa nje, halafu wanaufanya mwembamba ili walioachwa nje waparurane.

Na kweli waliparurana. Sikudhani alirudi kijiweni siku hiyo hiyo.

"Hongera Nyamizi," alisema kwenye ujumbe wa sauti. "Jina lako limekaa vizuri huko juu. Umelipiga pasi?"

"Dada Siku, lako nimeliandika chini."

"Chini wapi? Chini ya kitanda cha Morogoro?"

Gwakisa akaingilia. "Jamani, twende kwa hesabu. Kabla yangu ilikuwa picha ya ukutani. Nani hapa anacheza picha ya ukutani?"

"Wewe fundi pancha ziba mdomo kwanza. Ulimtupa mama yangu ukamwita takataka."

"Nilijuaje kama ni mama yako? Vilikuwa vitofali!"

"Mila inasemaje? Si unauliza?"

"Nikuulize vipi na ulikuwa hupatikani?"

"Nilikuwa wodini, Gwakisa. Nilikuwa nimelala sakafuni chini ya kitanda cha mama."

 Palepale ndipo Gwakisa alipopaswa kuishia. Lakini hasira haina breki. Akasema, "Basi ukienda Morogoro, maji atamchotea nani?"

"Hilo hukupaswa kulisema," Nyamizi akamwambia.

"Na wewe je? Umefunga fundo moja la mwisho, unataka nguo nzima iwe yako."

"Fundo hilo ulilitafuta ukalikosa. Mchezo ulikufa mikononi mwako, mwanaume."

Sikudhani akaingia kwenye mchezo, ambao wote watatu waliweza kuugusa. Aliondoa picha zake zote. Mchezo ukabaki giza, ndani yake maji yasiyoonekana yakimwagika kutoka kwenye ndoo isiyoonekana. Gwakisa kuona hivyo, akang'oa vitofali vyake. Pakabaki sauti ya mama tu, inasema "Karibu mwanangu" kwenye kioo cheusi, na hakuna anayeingia.

Nyamizi akafungua nakala za nyuma, akarudisha picha, akarudisha maji. "Mkimaliza kubomoa mniambie," alisema. "Mimi kuunga nimeshazoea."

Ijumaa ikafika. Kaka Shemdoe akasema, "Wadogo zangu, mimi siwezi kuwachagulia. Kila mmoja anitumie jina moja faragha, lisiwe lake. Litakalotajwa zaidi ndilo nitakalolipeleka."

Gwakisa akaandika, Sikudhani. "Nilimtupa mama yake," alisema. "Na bila jicho lake, ndoo ningeipita maisha yangu yote nisiione."

Sikudhani akaandika, Nyamizi. "Mama yangu aliokotwa na nani? Wengine wote waliona pembeni patupu."

Nyamizi akaandika, Gwakisa. "Nimebeba maji tangu nina akili, na sikuwahi kujua kwa nini yanamwagika. Yeye alijua, na bombani alikuwa hajawahi kutumwa."

Shemdoe akayasoma majina matatu, kila moja limetajwa mara moja. Waliokuwa wakiparurana wamepeana, na bado kitanda ni kimoja. Akawapigia tena wale watu. Wakamwambia, "Tunasubiri jina."

Akaja kijiweni, akatuambia sote tuliokuwepo, "Mbele yangu kuna nafasi tupu ya jina. Nipeni neno."

Watu wakarushiana maneno. Wapo waliosema mti ni wa aliyepanda mbegu, na mchezo ni wa aliyeuwaza. Wapo waliosema mbegu haijawahi kuliwa, mwenye tunda ni aliyemwagilia. Wapo waliosema tunda linalooza mtini ni la nani? Ni la aliyelichuma likiwa bado zima. Na kila aliyesema alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonichoma.

Kwa hiyo nawauliza nyinyi mlioketi hapa. Msiniambie wagawane, ndoo haigawanywi juu ya vichwa. Msiniambie wasubiri shindano lingine. Hayo wanaambiwa tangu walipovua sare za shule. Msiniambie wote wakatae, maana wakikataa, yule wa chumba chenye feni anapanda basi la Morogoro kesho asubuhi.

Sikudhani aliiona ndoo. Gwakisa aliyatia maji uhai. Nyamizi aliufungua mlango. Shemdoe ameshika simu, Ijumaa inakwisha, na nje ya mlango wa Morogoro msichana bado amesimama na mzigo wake kichwani.

Je, wewe ungeandika jina la nani? Liseme kwa sauti. Kisha wageukie wale wawili uliowaacha, uwaambie kwa nini.