Miyaa ya Mashavu

"Ukiusifu mkeka, uliza miyaa ililoweshwa wapi." Methali hii mmeisikia arusini mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Kwanza kitendawili: nikikauka nakatika, nikilowa nasukika. Mmeshindwa? Nipeni mji! Haya, ni mwaa, ukindu wa kusukia mkeka. Na methali yenyewe ilizaliwa hivi.

Walikuwapo majirani wawili, Mwanakombo na Mashavu, wote wagonjwa wa moyo. Miguu ilivimba, pumzi zikawa haba, na daktari akawaambia vidonge ni vya maisha. Mwanakombo akageukia ukuta. Chakula hataki, vidonge anavisukumia chini ya godoro. Na kila asubuhi, ng'ambo ya ua, anamsikia Mashavu akisuka mkeka na wenzake, anacheka!

Kicheko kile kilimuuma kuliko moyo wenyewe.

"Maradhi yetu ni mamoja," alimlalamikia dada yake. "Yule ana dawa nyingine, ananificha. Choyo tu!"

Siku moja wivu ukamnyanyua kitandani. Akajikokota hadi uani kwa Mashavu kabla wenzake hawajafika. Hodi hakupiga; alitaka amfumanie na dawa yake. Akamkuta peke yake, kainamia beseni la miyaa, analia, machozi yanadondokea humo.

"We Mashavu! Kumbe nawe unalia?"

"Ulidhani mimi jiwe, shoga yangu? Kila nikiloweka miyaa nalia. Naogopa kufa kama wewe. Wenzangu wakija nanawa uso, tunasuka."

"Na mimi nilivyokuonea wivu!"

"Mbona hata mimi nakuonea."

"Mimi huyu? Una wazimu!"

"Wewe ukitaka kulala unalala. Mimi nikinyamaza kidogo tu, wenzangu wananiambia, 'Mashavu, leo vipi? Tuchekeshe basi!'"

Mwanakombo akacheka hadi pumzi zikamwishia. Mashavu akamsogezea beseni. "Kaa. Loweka na mwaa wako."

Wenzao walipofika waliwakuta wote wawili macho mekundu, mikono majini.

Hawakupona, wajukuu zangu, sitawadanganya. Zilikuwapo asubuhi ambazo Mwanakombo aligeukia ukuta tena, Mashavu akaenda kumwita. Ila vidonge vilitoka chini ya godoro.

Mkeka ulipokwisha, bibi mmoja akaupapasa, akabetua midomo. "Mh! Wasio na shida ndio husuka hivi."

Mashavu akamtazama Mwanakombo. Mwanakombo akajibu taratibu:

"Mama, ukiusifu mkeka, uliza miyaa ililoweshwa wapi."