Zimwi Lililoiba Rangi za Kuku

Sogeeni, wanangu, mpate hadithi. Bi Mwanakheri alikuwa na mtetea mmoja, kuku wa aina ya kuchi mwenye rangi tatu, akimpenda kama mwana. Zimwi likamwonea kijicho. Likampulizia mtetea mara ya kwanza, likachukua wekundu. Likampulizia mara ya pili, likachukua weusi. Mara ya tatu likachukua madoa meupe. Kuku akabaki na rangi ya jivu tupu.

"Mchinje huyo, hafai tena," likasema.

"Nimchinje mwanangu?" Bi Mwanakheri akampakata, akamlisha mtama, hata kuku akataga na kuatamia.

Wakatoka vifaranga wekundu, weusi na wa madoadoa.

Zimwi likapiga ukelele. "Rangi zote si ninazo mimi?"

"Ulichukua manyoya tu, baba," Bi Mwanakheri akalijibu. "Mbegu ilikuwa ndani, hukuiona."