Besi ya Mzee Kondo

Kisa hiki nimetumiwa na shemeji yangu, na roho imekataa kukaa nacho peke yangu.

Palikuwa na mpiga gitaa la besi, Kondo Mwinyimvua. Miaka thelathini alirekodi studio nyimbo za soul za watu wengine, ameketi pembeni juu ya kreti la soda. Waimbaji walipigwa picha za jalada, yeye aliambiwa asante akaenda zake. Hata mkewe alimtania, "Bwana wangu yumo redioni kutwa, na hakuna anayemjua!"

Aliyempigia nyimbo nyingi zaidi ni Leonsia, mwimbaji mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Alasiri ya onyesho kubwa la kutimiza miaka ishirini ya Leonsia jukwaani, Kondo alifika na gitaa lake. Leonsia akamzuia mlangoni.

"Mzee Kondo, leo pumzika. Watu wanakuja kunisikia mimi. Hiyo besi inavuma tu huko chini, nani anayeijua?"

"Na mazoezi mmefanya bila mimi?"

"Mazoezi ya nini? Nyimbo zangu naziimba hata usingizini."

Kondo aliumia, tusidanganyane. Alijiuliza kama miaka yote ile alipiga kelele za bure. Lakini hakuondoka. Alikwenda kuketi ukumbini, benchi la nyuma kabisa, gitaa mapajani.

Ukafika wimbo uliompa Leonsia jina. Ngoma zikalia, tarumbeta zikalia, Leonsia akafungua kinywa, akakosea kuingia. Wakaanza upya, akakosea tena. Maskini, ndipo alipotambua kwamba noti tano za besi ya Kondo ndizo zilizomwonyesha pa kuingilia siku zote. Jasho likamtoka.

Mama mmoja akaanza kwa mdomo, "Dum, dum, du-dum, dum." Jirani yake akadakia. Mara ukumbi mzima ukawa unaiimba besi ya Kondo, na hakuna noti hata moja iliyopotea!

Kondo machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Jina lake hawakulijua, lakini kazi yake walikuwa nayo vifuani.

Leonsia akashuka jukwaani hadi benchi la nyuma, akapiga goti.

"Shikamoo, Mzee Kondo. Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, watu wanatungoja."

Kondo akapanda jukwaani, akachomeka waya wa gitaa, akapiga zile noti tano. Leonsia akaingia palepale panapotakiwa, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

Funzo: Usimdharau anayefanya kazi pembeni bila jina, huenda ndiye anayekuonyesha pa kuanzia. Nawe uliye pembeni, piga kazi yako vizuri, wapo wanaoisikia.