Radhi ya Bi Mize

Tajiri Mshangama alijenga ukuta kuzunguka shamba lake, akaziba njia pekee ya kwenda kisimani. Siku ya tatu majirani walishika majembe wakaubomoe. Walinzi wake nao wakawasubiri na marungu.

"Ngojeni kwanza," alisema Bi Mize, mfinyanzi. "Nakwenda kumwomba radhi."

"Radhi? Aliyekosa ni yeye!"

Bi Mize akashika njia. Alimkuta tajiri barazani na wageni wake, akavua ndara, akapiga magoti.

"Bwana mkubwa, nimekukosea. Nisamehe."

Mshangama alikuwa amejiandaa kwa matusi. Akalainika. "Umenikosea nini, bibi?"

"Kule kisimani wanakusema, bwana. Eti una roho ya korosho, unawanyima watoto maji. Nami nikanyamaza! Ilinipasa niwaambie kwamba mkarimu kama wewe hajengi ukuta bila mlango, ila fundi hajamaliza tu. Naona haya mpaka leo."

Wageni wote wakamgeukia mwenyeji wao. Tajiri akakohoa.

"Inuka, bibi, nimekusamehe. Mlango unawekwa kesho. Na kufuli hautakuwa nalo!"

Bi Mize akamshukuru sana, akaondoka kinyumenyume kwa adabu.

Kesho yake fundi alitoboa ukuta, na wanawake wakapita na ndoo zao wakicheka. Jirani mmoja akamuuliza Bi Mize, "Hivi ni kina nani waliokuwa wakimsema tajiri kule kisimani?"

"Kisimani?" Bi Mize akajitwika mtungi wake. "Tangu ukuta ujengwe, nani alipata njia ya kufika huko?"