Dampo la Mheshimiwa

Diwani Mkwachu aliwaita watu wa mtaa wa Bondeni eti washirikishwe kupanga maendeleo, na trekta lilikuwa limeshasafisha kiwanja. Dampo la mji mzima lingewekwa juu ya chemchemi yao. Wao kazi yao ilikuwa kunyoosha mikono, kunywa soda na kutawanyika.

Sikudhani, mkaanga mihogo, alikitazama kile kitambi cha diwani pale mbele. Huyu, alijisemea, sifa zinamlevya kuliko gongo. Akasimama.

"Mheshimiwa, hatuna pingamizi. Tunaomba tu mradi uitwe kwa jina lako."

Diwani akachekelea mpaka gego la mwisho. "Mmeona wananchi waelewa? Nimekubali!"

"Na picha yako kubwa getini?"

"Wekeni hata mbili!"

"Ahsante, Mheshimiwa. Basi jamani, mwenye mzoga wa mbwa, mwenye nepi, mwenye matumbo ya samaki, vyote tupeleke Kwa Mkwachu. Na makonda wa daladala watatangaza kituo: 'Kwa Mkwachu, zibeni pua!'"

Watu walivunjika mbavu. Hata mtendaji wa kata alijificha nyuma ya soda yake.

Diwani akajifuta jasho. "Dampo litafutiwe kwingine," akasema. "Hivi jamani, mlikuwa mnajua kwamba pale pana chemchemi?"